Mwekezaji anaomba halmashauri ya kijiji igeuze eneo letu la makazi kuwa la biashara. Nani mwenye kauli ya mwisho?

Mwanakitongoji ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa mambo ya ardhi ya vijiji, kwa sababu maji yametufika shingoni na kikao kinachofuata hakiko mbali.

Kijiji chetu kipo mkoa wa Pwani, kando ya barabara ya Kilwa. Kina mpango wa matumizi ya ardhi ulioandaliwa kwa kushirikiana na wataalamu wa wilaya na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wanakijiji wote watu wazima, na ramani yake bado imesimama kwenye bango la bati mbele ya ofisi ya kijiji, ingawa jua limeipausha kiasi kwamba rangi ya mashamba na rangi ya malisho hazitofautiani tena. Katika ramani hiyo kitongoji chetu kimeoneshwa waziwazi kuwa eneo la makazi. Tumejenga nyumba za kudumu, tumechimba kisima, tuna madrasa na shule ya awali, na baadhi yetu tumekwishapata hati za hakimiliki ya kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji.

Mwaka jana alikuja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam akanunua maeneo ya familia nne yanayopakana na barabara, moja baada ya jingine, na kwa jumla yanakaribia ekari sita. Mauziano yalifanyika kwa kuandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Wakati ule tuliambiwa kwamba angejenga nyumba za kupangisha. Sasa ameiandikia halmashauri ya kijiji barua ya ukurasa mmoja akiomba kibali cha kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kwenda biashara, ili ajenge kituo cha mafuta, maghala mawili na maegesho ya malori. Barua imeambatana na mchoro unaoonesha barabara, lango, matangi na maghala, lakini nyuma ya uzio wake, mahali zilipo nyumba zetu na kisima, karatasi ni nyeupe kana kwamba hapaishi mtu.

Mtendaji wa kijiji anashikilia kwamba halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi kisheria, kwa hiyo wajumbe wakikubali jambo limekwisha, na mkutano mkuu utapewa taarifa tu. Mwenyekiti naye anasema mwekezaji ameahidi madawati ya shule na ukarabati wa zahanati, na kwamba tukichelewa ataenda kijiji cha jirani.

Mimi si mpinzani wa maendeleo, wala sina ugomvi na mtu aliyenunua ardhi kwa fedha yake. Ninachotaka kufahamu ni kama kweli wajumbe wachache wanaweza kuketi mezani na kugeuza eneo la makazi kuwa la malori bila sisi tunaoishi hapo kuulizwa, na kama hawawezi, ni hatua zipi zinapaswa kufuatwa. Pia ningependa kujua kama kuna njia ya kupinga uamuzi wao endapo watauharakisha.

Mpimaji Mstaafu amejibu:

Ndugu Mwanakitongoji, nimefanya kazi ya upimaji na upangaji wa ardhi katika wilaya zaidi ya moja kabla ya kustaafu, na suala lako ni la kila siku katika vijiji vyote vinavyopakana na barabara kuu karibu na miji. Kosa linalojirudia ni kuchanganya mambo mawili, yaani nani ana haki ya kumiliki kipande cha ardhi, na kipande hicho kinaruhusiwa kutumika kwa shughuli gani. Mfanyabiashara wako amepata, au anadai amepata, jambo la kwanza. Karatasi za mauziano hazimpi la pili. Aliponunua kwenye eneo la makazi alinunua pamoja na sharti lake.

Mtendaji wako ametaja nusu ya sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji. Lakini kifungu hichohicho cha 8 kinaeleza kwamba inasimamia kwa misingi ya mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanufaika, na wanufaika hao ni wanakijiji na wakazi wengine wa kijiji. Tena kinasema bila kificho kwamba halmashauri ya kijiji haitagawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila kupata kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na kwamba inapaswa kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi kwenye kila mkutano mkuu wa kawaida na kuzingatia maoni yanayotolewa hapo. Mdhamini anayeamua peke yake, kisha akawapa taarifa wenye mali, amekwisha kuacha kuwa mdhamini.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji inaongozwa na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, na kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, kazi hiyo hupita katika hatua sita, kuanzia maandalizi ya wilaya hadi usimamizi wa mpango na utoaji wa hati. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu kwa kusaidiwa na kamati yake ya usimamizi wa matumizi ya ardhi, mkutano mkuu huijadili na kuipitisha, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya, na kwa kawaida huambatana na sheria ndogo za kuutekeleza. Kwa hiyo ukisema unataka kuutoa mtaa mmoja kwenye makazi na kuuingiza kwenye biashara, unaomba kurekebisha mpango uliopitishwa na mkutano mkuu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, imeuweka mkutano mkuu kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji katika masuala ya sera za jumla. Kilichopitishwa na mkutano huo hakiwezi kufutwa na wajumbe 15 au 25 wanaowajibika kwake, hata kama wote wamenyoosha mikono.

Njia sahihi, kwa hiyo, ni ndefu kuliko ile anayoitaka mtendaji. Halmashauri ya kijiji inapokea ombi, inalipeleka kwenye kamati ya matumizi ya ardhi, kamati inakwenda eneo la tukio (si kutazama mchoro ofisini), inazungumza na majirani, inarudi na mapendekezo, halmashauri inayajadili, na mapendekezo hayo ndiyo yanayofikishwa mkutano mkuu ili yakubaliwe, yakataliwe au yawekewe masharti. Baada ya hapo wataalamu wa wilaya wanarekebisha ramani na daftari. Mkirukia mwisho bila ya katikati, mtabaki na barua yenye muhuri wa kijiji na ramani inayosema kinyume chake, na siku ikitokea kesi, ramani ndiyo itakayosomwa.

Kabla ya yote hayo, nendeni kwa ofisa mipango miji wa wilaya mkamuulize kwa maandishi kama eneo lenu limekwisha kutangazwa kuwa eneo la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007. Ukanda wa barabara ya Kilwa umejaa viwanda na viwanja vipya, na si ajabu kijiji kikaendelea kujiita kijiji huku sehemu yake ya barabarani imekwisha kuingizwa kwenye mchoro wa mji. Ikiwa ndivyo, kibali cha kubadili matumizi hakitolewi na kijiji kabisa. Kinatolewa na mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni halmashauri ya wilaya, na kijiji kitaombwa maoni tu.

Jambo la mwisho kwa leo: mtasikia watu wakitaja hekta 250. Kiwango hicho kinahusu kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi) au ya hifadhi, kazi ambayo ni ya Rais kupitia Waziri, kwa tangazo la siku zisizopungua 90. Mkutano mkuu huamua pale eneo lisipozidi hekta 250, na likizidi, Waziri huamua baada ya kupokea mapendekezo yake. Ekari sita za Mtanzania anayebaki ndani ya ardhi ya kijiji hazihusiani na hilo. Lingewahusu endapo mwenye mradi si raia, kwa kuwa mgeni hawezi kupewa hakimiliki ya kimila, na ardhi ingelazimika kwanza kuhamishwa kuwa ya jumla. Ni vyema mkaulize kampuni ni ya nani.

Kijana Mtafutaji amejibu:

Shikamoo Mzee Mpimaji. Maelezo yako nimeyaelewa na sina la kupinga katika sheria, lakini naona mjadala umeegemea upande mmoja.

Mpango wa matumizi ya ardhi si msahafu. Mipango hiyo mara nyingi huandaliwa kwa kipindi cha miaka 10, na katika muda huo barabara hubadilika, watu huongezeka, na ardhi iliyokuwa ya kupandia mihogo na mikorosho hugeuka kuwa mbele ya duka. Kuishi umbali wa kurusha jiwe kutoka barabara inayobeba malori ya kwenda Lindi na Mtwara usiku na mchana, halafu ukasema eneo hilo libaki la kulala na kupumzika, ni kujidanganya. Hata asipokuja mwekezaji huyu, watakuja mama lishe, gereji za bodaboda na wauza mafuta ya chupa, na hao hawataandika barua kwa mtu yeyote. Mimi ningependa kituo chenye matangi yaliyokaguliwa kuliko petroli inayouzwa kwenye madumu chini ya mwembe.

Pili, vijana wa kijiji wanahitaji kazi. Kituo cha mafuta na maghala mawili si kiwanda, nakubali, lakini kuna ulinzi, upakiaji, chakula na usafi. Familia zile nne zilizouza hazikulazimishwa. Ziliuza kwa sababu ardhi ya mbele ya barabara ilikuwa na bei, na kama tutaifunga isitumike kwa biashara, tutakuwa tumeishusha thamani ardhi ya kila mtu aliyebaki, akiwemo ndugu Mwanakitongoji mwenyewe.

Naunga mkono mkutano mkuu uitishwe na utaratibu ufuatwe. Ninachopinga ni dhana kwamba utaratibu ukifuatwa lazima jibu liwe hapana. Watu waende wakiwa na masharti mkononi, wamwambie mwekezaji wanachotaka, na akikubali, waamue.

Bi Mjumbe amejibu:

Mwanangu Kijana, sina ugomvi na hoja zako. Ila niwaeleze kitu ambacho sheria haikisemi vizuri na ambacho ndicho kinachoamua mambo haya huku chini.

Niliwahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kupitia nafasi za wanawake, katika kijiji ambacho sitakitaja. Uliitishwa mkutano wa wanakijiji kuhusu mradi wa maji. Tulijaa, kwa sababu maji ni maji. Kila aliyefika aliandika jina na kutia sahihi kwenye karatasi zilizochanwa kwenye daftari, karatasi ambazo juu yake hapakuandikwa chochote, si tarehe wala ajenda. Muda mrefu baadaye, tulipofuatilia ardhi iliyokuwa imeuzwa kwa mtu wa nje, tukaoneshwa wilayani muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha mauzo yale, na nyuma yake yalikuwa yamebanwa mahudhurio yetu ya mradi wa maji. Sahihi zilikuwa zetu kweli. Jina langu lilikuwamo kwenye ukurasa wa pili, pamoja na la jirani yangu ambaye siku ile alikuwa ameandika kwa kalamu ya kijani kwa sababu ya bluu ilimwishia wino. Nani angeweza kukana?

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ofisa aliyeko wilayani hawaoni wanakijiji waliopiga kelele uwanjani. Anaona muhtasari, mahudhurio na muhuri. Vita vya ardhi ya kijiji hushindwa au hupotezwa kwenye karatasi hizo tatu, na wengi wetu huondoka mkutanoni kabla hazijakamilika kwa sababu jua ni kali na chakula kiko jikoni.

Kwa hiyo, ndugu Mwanakitongoji, hakikisheni kwanza ajenda ya ombi hili imetangazwa mapema na kubandikwa ubaoni ikiwa na jina la kitongoji na ukubwa wa eneo, isije ikafichwa chini ya kichwa cha "mengineyo". Kila ukurasa wa mahudhurio uwe na tarehe na ajenda juu yake, majina yapewe namba, na mtu wa mwisho akishasaini upigwe mstari chini ya sahihi yake ili pasiongezwe mtu. Pigeni picha kurasa zote kwa simu kabla hazijaingia kwenye faili. Kura zihesabiwe na idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe, kwa maana maneno "wajumbe kwa pamoja waliridhia" yamewameza wengi. Muhtasari usomwe hapohapo kabla watu hawajatawanyika. Mtendaji akisema hana muda wa kuusoma, jueni kuna jambo.

Kuhusu swali lako la kupinga, sheria ile ile aliyoitaja mzee wetu imeweka mlango. Wanakijiji wasiopungua 100 wakilalamika kwa halmashauri ya wilaya kwamba halmashauri ya kijiji haisimamii ardhi kwa mujibu wa sheria au kwa uaminifu wa mdhamini, na wilaya ikaridhika kwamba lalamiko lina msingi, inapaswa kulitafutia ufumbuzi, na ikishindikana inaweza kuipa halmashauri ya kijiji maelekezo ya namna ya kusimamia ardhi au kupendekeza kwa Kamishna wa Ardhi usimamizi uondolewe mikononi mwake. Watu 100 wanaonekana wengi, lakini kitongoji chenye madrasa na shule ya awali hakikosi watu 100. Na kama kuna posho ya kikao iliyotoka mfukoni mwa mwombaji, hilo ni la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, msilisemee pembeni.

Mwanakitongoji ameandika tena:

Nawashukuru sana wote, pamoja na mdogo wangu Kijana, kwa kuwa aliyoyasema ndiyo yanayosemwa kijiweni na ni vizuri yakasikika.

Tulifika wilayani tukiwa wajumbe kutoka kila upande wa kitongoji. Jibu tulilopewa kwa mdomo ni kwamba ukanda wa barabarani umo kwenye eneo lililotangazwa kwa mipango miji, lakini sehemu ya nyuma, ambako mwekezaji anataka kuweka maegesho ya malori, bado ni ardhi ya kijiji. Kwa maneno mengine, mradi mmoja umekaa juu ya mamlaka mbili. Tumeomba jibu hilo kwa maandishi na tumeambiwa turudi.

Jingine limejitokeza tulipoanza kuzungumza na familia zilizouza. Katika familia moja, eneo lililouzwa lilikuwa na nyumba ambayo mume na mke waliishi na watoto wao. Mume aliuza, mke hakuulizwa wala hakutia sahihi, na hadi leo bado yumo ndani ya nyumba hiyo na anasema hatoki. Mwenyekiti wa kitongoji anasema hayo ni mambo ya ndani ya ndoa ambayo hayazuii ombi. Je, ni kweli? Na ikiwa wilaya ndiyo itakayoamua sehemu ya mbele, sisi majirani tunasikilizwa wapi?

Wakili wa Mashinani amejibu:

Ndugu Mwanakitongoji, nianze na huyo mama, kwa sababu jambo lake haliwezi kusubiri kikao chochote. Si kweli kwamba ni la ndani ya ndoa tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kuhamisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Mama huyo ana haki ya kupinga mauzo yale, na mwombaji ambaye umiliki wake wa sehemu ya eneo unabishaniwa hana msingi wa kuomba matumizi ya eneo zima yabadilishwe. Aandike barua kwa halmashauri ya kijiji na nakala kwa ofisa ardhi wa wilaya akieleza kwamba hakuridhia, aombe ipigwe muhuri wa kupokelewa, na abaki na nakala yake. Kisha afungue shauri.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalizoea. Kuanzia marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, kazi yake imebaki usuluhishi. Mtu anaanzia huko, na usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ndiko shauri litasikilizwa na kuamuliwa. Kijijini kwenu pia panapaswa kuwa na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, ambalo nalo ni la kupatanisha. Asipoteze muda mwingi hapo ikiwa wajumbe wake ndio walewale walioshuhudia mauziano.

Kuhusu mamlaka mbili, msikubali mradi ukatwe vipande ili kila kipande kipitishwe kimyakimya na upande wake. Maegesho ya malori hayana kazi bila kituo na maghala, na kituo na maghala ndivyo vinavyoyaleta malori. Barua yenu kwa wilaya iombe ombi zima lijadiliwe kama mradi mmoja, na iombe kwa maandishi nafasi ya majirani kusikilizwa kabla kamati yake ya mipango haijakaa. Ambatanisheni orodha ya nyumba, madrasa, shule ya awali na kisima, pamoja na umbali wa kila kimoja kutoka kwenye uzio, mkipima kwa futi ya mkanda badala ya kukadiria kwa hatua. Mkuu wa idara anaweza kupuuza malalamiko, lakini ni vigumu zaidi kupuuza vipimo.

Tena kubadili matumizi ni mlango wa kwanza tu. Kituo cha mafuta kinahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na cheti chake kupitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na tathmini hiyo ina sehemu ya kukusanya maoni ya wanaozunguka mradi. Wataalamu watakuja na fomu. Msisaini fomu yoyote ya maoni ambayo haijajazwa, na suala la kisima liandikwe kwa namna ambayo itawalazimu kulijibu: matangi yatafukiwa umbali gani kutoka kwenye kisima, maji ya chini ya ardhi yanaelekea upande gani, na mafuta yanayomwagika wakati wa kushusha yatakusanywa wapi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo ina vibali vyake vya ujenzi na vya uendeshaji. Na kwa kuwa barabara ya Kilwa ni barabara kuu, TANROADS, wakala wa taifa wa barabara, wana kauli juu ya kuingia na kutoka. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na katika michoro mingi ya vituo nimeona lango, bustani na hata ukingo wa paa vikichorwa ndani ya mita hizo. Pimeni. Ikiwa sehemu ya zile ekari imo ndani ya hifadhi, mradi mzima utalazimika kusogea nyuma, yaani kuelekea kwenu.

Kijana Mtafutaji ameuliza:

Wakili, nakushukuru. Mimi swali langu ni dogo. Tuseme mama yule akapata haki yake, mwekezaji akapunguza mradi ukabaki kituo na ghala moja, tathmini ikapita na mkutano mkuu ukakubali kwa sehemu ya kijiji. Zile ahadi za madawati na zahanati zinaingia wapi? Kwetu waliahidiwa hivyo hivyo na mwenye machimbo ya mchanga, na zahanati bado inavuja.

Mpimaji Mstaafu amejibu:

Kijana, umeuliza jambo la msingi. Tofautisheni masharti ya matumizi na michango ya hiari, kwa sababu mwekezaji hupenda viwe kitu kimoja ili cha pili kifunike cha kwanza.

Masharti ya matumizi yanahusu ardhi yenyewe na yanapaswa kuandikwa ndani ya azimio la mkutano mkuu na ndani ya kibali cha wilaya: matangi yawe upande wa barabara na si upande wa kisima, malori yasiegeshwe wala kuwasha injini nyuma ya kituo usiku, uzio uwe wa tofali na wa kimo kilichotajwa, mfereji wa maji ya mvua uelekezwe kwenye kalvati na si kwenye uwanja wa shule ya awali, na eneo litakalobaki lisitumike kwa jambo jingine bila ombi jipya. Masharti ya namna hiyo yakivunjwa, mamlaka iliyotoa kibali ina mahali pa kushika.

Madawati na zahanati si masharti ya ardhi, na visitajwe kwenye azimio kama sababu ya kukubali, kwa kuwa vitafanya uamuzi uonekane umenunuliwa na vitampa nguvu mtu yeyote atakayetaka kuubatilisha. Kama mwekezaji ana nia, aandikiane mkataba tofauti na kijiji, wenye kiasi na tarehe, uliopitiwa na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kijiji kwa stakabadhi, na zisomwe katika taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu. Madawati yakiletwa kabla ya mkutano wa kupiga kura, mtendaji ayakatae kwa barua, na barua hiyo isomwe mkutanoni.